Uzi: Msimu mpya wa Baleti ya Opera ya Paris, na shule ya Nanterre inayoulisha

Mwanzisha uzi

Wanajamvi, salaam kwenu. Uzi huu ni mrefu, kwa hiyo mwenye chai na aisogeze karibu.

Nimeishi miaka 11 katika kitongoji cha kaskazini mwa Paris, na kwa miaka sita iliyopita nimekuwa nikidunduliza ili kila msimu nipate angalau tiketi mbili za baleti, zile za viti vya bei ya chini kabisa. Nilipoanza nilikuwa nawafuata wachezaji wenye majina. Siku hizi nikifika ukumbini jicho langu humtafuta mchezaji wa safu ya nyuma, nikijiuliza alianza lini na alifundishwa na nani. Nimefikia kuamini kwamba kwa Baleti ya Opera ya Paris shule yake ya dansi ndiyo mama na kundi ndilo mtoto, ingawa mabango ya msimu huchapishwa kana kwamba mambo ni kinyume chake. Hoja yangu ni hiyo tu, na maelezo yote yatakayofuata yanaizunguka.

Tuanze na namna msimu unavyofunguliwa. Katika hafla ya ufunguzi, kabla ya baleti yoyote kuchezwa, pazia hufunguka na jukwaa lote la Palais Garnier, jumba la kale la Opera, huonekana wazi hadi nyuma kabisa, mpaka ndani ya ukumbi uliopambwa kwa dhahabu ambao siku nyingine mtazamaji hajui hata kama upo. Kutoka huko mbali hutokea mtoto mdogo wa shule, amevaa nyeupe, akitembea taratibu kuja mbele huku okestra ikipiga wimbo wa maandamano wa Berlioz. Nyuma yake hufuata wenzake, mstari baada ya mstari, wadogo wakitangulia wakubwa, kisha wachezaji wa kundi kwa vyeo vyao, na wale wa cheo cha juu kabisa wakija mmoja mmoja. Hakuna kisa kinachosimuliwa wala mtu anayeruka. Kwa karibu robo saa watu zaidi ya mia mbili wanatembea, wanainama mbele ya watazamaji, na kusogea pembeni. Gwaride hili lilianza mwaka 1926, likafufuliwa baada ya Vita Kuu ya Pili, na hadi leo halina maneno ya utangulizi kwa sababu halihitaji: mtazamaji anaonyeshwa ukoo mzima, na kitinda mimba ndiye anayefungua mlango.

Msidharau huko kutembea. Jukwaa la Garnier lina mteremko wa asilimia 5 kuelekea kwa watazamaji, na mtembeaji hutanguliza ncha ya mguu kabla ya kisigino, magoti yamenyooka, shingo ndefu, macho mbele. Nilijaribu siku moja sebuleni kwangu na hatua ya nne ilinifikisha kwenye meza ya chai.

Msimu wa 2025/2026 wenyewe una mengi, lakini nitagusia matatu. La kwanza ni Giselle, ambayo ni baleti ya nyumbani hasa, kwa kuwa ilizaliwa katika Opera hiyo hiyo tarehe 28 Juni 1841. Sehemu ya pili ya kisa hicho ni ya mizimu ya wasichana waliokufa kabla ya kuolewa. Kuna wakati ambapo mistari miwili ya wanawake inatoka pande mbili za jukwaa na kupishana, kila mmoja akirukaruka kwa mguu mmoja huku mguu wa pili umenyooshwa nyuma. Kutoka viti vya juu husikia muziki tu. Kutoka viti vya karibu husikia pia viatu vikigonga sakafu kwa pamoja, tuk, tuk, tuk, kama mvua inayoanza kwenye bati. Kinachonishangaza ni shingo zao. Zote zimeinama kwa pembe moja, na mikono imekunjika kwa kiasi kimoja kwenye viwiko. Mwalimu hawezi kuwafundisha wanawake ishirini na kitu jambo hilo kwa wiki sita za mazoezi. Wamelijua tangu wakiwa na miaka tisa au kumi, wengi wao katika vyumba vilevile na chini ya walimu walewale.

La pili ni jioni iliyopewa jina Racines, yaani mizizi, ambamo kazi za watunzi wa dansi Balanchine na Wheeldon zimewekwa pamoja na Rhapsodies ya Mthuthuzeli November, mtunzi wa dansi kutoka Afrika Kusini, juu ya muziki wa Gershwin. November alijijengea jina London akiwa na kundi la Ballet Black, na kazi yake Ingoma, inayohusu mgomo wa wachimba migodi wa Afrika Kusini wa mwaka 1946, ilipata tuzo ya Olivier, ile ya majukwaa ya London, mwaka 2020. Mtu wa kusini mwa bara letu kuwatungia wachezaji wa Opera ya Paris, katika programu moja na Balanchine, si habari ndogo, na nimeona magazeti ya kwetu yameipita kimya.

La tatu ni Notre-Dame de Paris ya Roland Petit, ya mwaka 1965, yenye mavazi ya Yves Saint Laurent. Naitaja kwa sababu Petit mwenyewe alikuwa mtoto wa shule hii kabla ya kuwa mtunzi. Tumerudi palepale.

Mwanzisha uzi (mwendelezo)

Sasa shule. Ilianzishwa mwaka 1713, katika siku za mwisho za Louis XIV, mfalme ambaye ujanani alikuwa mchezaji wa kweli, si mtazamaji wa kupiga makofi tu. Kwa sababu ya mfalme huyo na chuo cha dansi alichokianzisha mwaka 1661, lugha ya baleti ni Kifaransa kila mahali. Mwalimu wa Moscow, wa Tokyo au wa Nairobi akitaka wanafunzi wakunje magoti atasema plié, kama vile istilahi za swala zilivyo za Kiarabu hata kwa mtu ambaye hajawahi kuvuka bahari.

Tangu mwaka 1987 shule iko Nanterre, magharibi mwa Paris, katika jengo lililobuniwa na Christian de Portzamparc. Jengo lina sehemu tatu zinazotambulika kwa macho: vyumba vya dansi, madarasa ya kawaida na mabweni. Asubuhi watoto husoma hesabu, historia na lugha kama watoto wengine wa Ufaransa, mpaka mtihani wa mwisho wa sekondari, mchana hucheza. Hawafundishwi baleti peke yake, kwani kuna dansi za kimila za Ulaya zilizopangwa kwa jukwaa, uigizaji usio na maneno, muziki, na elimu ya mwili wa binadamu, ili mtoto ajue kwa jina mfupa anaoutumikisha. Mafundisho ya dansi hayalipiwi ada. Mzazi hulipia bweni.

Kuna desturi moja ya shule hii ambayo kila nikiisoma hunirudisha kwetu. Mtoto akikutana na mtu mzima kwenye korido, awe mwalimu, mpishi au mgeni asiyemfahamu, husimama, akakunja magoti kidogo au kuinamisha kichwa, na kumwamkia. Wafaransa wengi huliona jambo hilo kuwa la kizamani, hata la kuchekesha. Mtu aliyekulia kwenye shikamoo hacheki. Ila naongeza kwamba kule desturi hiyo ina kazi nyingine pia: kuinama kwa adabu ndicho kitendo cha mwisho cha kila somo la baleti na cha kila onyesho, kwa hiyo mtoto anafanya mazoezi ya jukwaa kwenye korido bila kujua.

Madaraja ni sita, kuanzia la sita kwa wadogo hadi la kwanza kwa wakubwa, na kila mwaka kuna mtihani. Anayepita husonga, asiyepita huaga. Mwishoni wale wa daraja la kwanza hushindania nafasi katika kundi, na nafasi hutegemea ni wachezaji wangapi wameondoka mwaka huo, jambo ambalo halihusiani kabisa na kipaji cha mtoto. Waliokosa huenda makundi mengine ya Ulaya, au huacha. Mwaka 2024 Opera ilianzisha kundi la vijana lenye wachezaji 18 ili kuziba pengo kati ya shule na ajira, na kwa maoni yangu hatua hiyo ilichelewa sana, maana kijana wa miaka 18 aliyekosa nafasi kwa sababu tu hapakuwa na kiti alikuwa anapotea bure.

Mwezi Desemba, wakati kundi linacheza maonyesho ya sikukuu, watoto nao hupanda jukwaa la Garnier kuonyesha masomo yao. Hakuna mapambo wala kisa. Kuna piano, mwalimu, na watoto waliojipanga. Nilikwenda mara moja. Daraja la wavulana wadogo lilikuwa kwenye zoezi la kusimama kwa mguu mmoja, na mmoja wao akayumba. Akatupa jicho pembeni, akarudi kwenye mstari. Mwalimu hakusema neno; aliinua kidevu chake mwenyewe kidogo tu, na watoto wote wakainua vyao kwa mara moja, pamoja na yule aliyeyumba. Nilishuka ngazi za Garnier siku ile nikiwa nimepata thamani ya tiketi yangu kwa kidevu hicho.

Nawasilisha. Maswali na mapingamizi yanakaribishwa.

Mzee wa Chang'ombe

Kijana, nimeusoma uzi wako hadi mwisho, na umeupanga vizuri. Ila niruhusu nikupinge. Mtoto wa miaka minane au tisa anatolewa kwao, analazwa bweni, anapimwa kila mwaka, na akishindwa anarudishwa na begi lake: hiyo ni sanaa au ni jeshi? Sisi tunasema samaki mkunje angali mbichi, lakini methali haikusema umkunje mbele ya jopo la majaji. Pili, nasikia watu hao wanastaafu wakiwa na miaka 42. Umri huo sisi wengine ndiyo kwanza tulikuwa tunapewa ofisi yenye mlango.

Mwanzisha uzi

Mzee wangu, shikamoo. Pingamizi lako la kwanza nalikubali nusu, na nusu hiyo ni kubwa.

Historia inakuunga mkono. Katika karne ya 19 wanafunzi wa shule hii walikuwa watoto wa maskini, waliopelekwa na mama zao kwa sababu ya senti walizolipwa kwa kila onyesho. Ule ukumbi wa dhahabu nilioutaja, unaotokea mtoto wa gwaride, ulikuwa mahali ambapo matajiri wenye viti vya kudumu waliruhusiwa kwenda kuongea na wasichana wa baleti, na kila mtu mjini alijua mazungumzo hayo yaliishia wapi. Yule binti ambaye msanii Degas alimchonga kwa nta na kumwonyesha hadharani mwaka 1881 alikuwa mwanafunzi halisi, Marie van Goethem, mtoto wa mama mfua nguo. Mwaka uliofuata Opera ilimwachisha. Sanamu yake iko katika majumba ya makumbusho makubwa ya dunia. Yeye mwenyewe alipotelea mjini. Kwa hiyo ninapoona gwaride likianzia katika ukumbi ule, sisahau ulitumika kwa nini.

Hata karibu zaidi na siku zetu, mwaka 2002, ripoti ya ukaguzi kuhusu shule ya Nanterre ilizua mjadala mkali Ufaransa juu ya ukali wa malezi na shinikizo la kisaikolojia kwa watoto. Mengi yamebadilika tangu hapo, lakini mtihani wa kila mwaka umebaki, na mimi sina jibu la kumpa mzazi wa mtoto wa miaka 13 anayerudishwa nyumbani baada ya kuambiwa kuwa mwili wake umekua vibaya. Sijui kama neno hilo lina namna nzuri ya kusemwa.

La kustaafu, hapo nakupinga kwa heshima. Mfuko wa pensheni wa Opera ulianza mwaka 1698, na sababu yake haijabadilika: mtu aliyeanza kazi ya miguu akiwa na miaka tisa, akaajiriwa akiwa na 17 au 18, anapofika 42 ana nyonga na vifundo vya miguu vya mzee. Fikiria mwanamke yule wa Giselle anayerukaruka kwa mguu mmoja. Serikali ilipotaka kufuta utaratibu huo mwishoni mwa mwaka 2019, wachezaji waligoma pamoja na wafanyakazi wa treni. Siku ya mkesha wa Krismasi, tarehe 24 Desemba, walitoka nje wakiwa na mavazi ya jukwaani, wakacheza kipande cha baleti ya Ziwa la Bata Maji (Swan Lake) kwenye baraza la mbele la Garnier, juu ya ngazi, katika baridi, nao wanamuziki wa okestra wakipiga ala wakiwa na makoti mazito. Nyuma yao bango lilisema utamaduni uko hatarini. Wapita njia walidhani ni tangazo la biashara hadi waliposoma.

Na hapa shule inaingia tena, mzee wangu. Mzazi anamkabidhi mtoto wa miaka tisa kwa sababu mwisho wa njia kuna ajira ya kudumu na pensheni. Makundi mengi ya baleti duniani humpa mchezaji mkataba wa mwaka mmoja mmoja. Ukiiondoa pensheni ya 42, hiyo shule ya bure itabaki bila watoto wa wafanyakazi wa kawaida, itabaki na wale ambao wazazi wao wanaweza kuwabeba.

Mzee wa Chang'ombe

Marahaba. La pensheni nimelielewa. La majaji bado sijakubali, lakini endelea.

Msomaji wa Bukavu

Ndugu mwandishi, huku kwetu magazeti ya Kifaransa tunayasoma, na tuliona habari za Guillaume Diop, kijana mwenye baba Msenegali aliyepewa cheo cha nyota. Swali langu ni moja. Jambo hilo lilitoka moyoni au lilikuwa pambo la kuwanyamazisha watu? Maana Opera hiyo tunaifahamu kwa rangi moja.

Mwanzisha uzi

Ndugu yangu, swali lako ni la haki, na jibu lake linahitaji kueleza ngazi za kundi kwanza. Wa chini huitwa kwadrili, akifuatiwa na korifee, kisha suje, kisha mchezaji wa kwanza, na juu kabisa ni nyota. Kwa desturi vyeo vya chini vimekuwa vikigombewa katika mashindano ya ndani, mbele ya jopo, kwa siku moja tu katika mwaka. Cheo cha nyota hakigombewi. Mkurugenzi hupanda jukwaani baada ya onyesho, jasho la mchezaji bado halijakauka, na kulitamka jina lake mbele ya watazamaji.

Diop aliingia shule ya Nanterre mwaka 2012, akaajiriwa katika kundi mwaka 2018. Tarehe 11 Machi 2023, kundi likiwa ziarani Seoul, baada ya kucheza Giselle, alitangazwa kuwa nyota. Alikuwa suje wakati huo, akaruka cheo kizima cha katikati. Ni mtu mweusi wa kwanza kushika cheo hicho katika historia yote ya Opera.

Je, ni pambo? Mimi nasema hapana, kwa sababu mbili. Kwanza, kabla ya kutangazwa alikuwa ameshacheza nafasi kubwa kwa miaka miwili, mara nyingi akiitwa dakika za mwisho kuziba pengo la aliyeumia, na anayeziba pengo katika baleti ya saa tatu hawezi kubebwa na rangi yake. Pili, alikuwa miongoni mwa wachezaji watano walioandika waraka wa mwaka 2020 uliouliza hadharani habari za ubaguzi ndani ya Opera. Angekuwa mtu wa kupambia, wangemchagua aliyekaa kimya.

Waraka huo ulidai mambo ambayo ukiyasikia utashangaa kwamba yalihitaji kudaiwa: watu weupe wasipakwe rangi nyeusi usoni ili kuigiza watu weusi, na soksi ndefu na viatu viwe vya rangi ya ngozi ya anayevaa. Hilo la viatu si dogo. Rangi ya waridi ya kiatu cha baleti ilichaguliwa ili mguu uonekane mrefu bila kukatika, na hufanya kazi hiyo kwa mguu mweupe. Kwa mguu mweusi hufanya kinyume, mstari unakatika kwenye kifundo. Wachezaji weusi kwa miaka mingi walikuwa wakipaka viatu vyao vipodozi vya uso kwa sponji, jozi baada ya jozi, kwa gharama zao wenyewe. Ni mwaka 2018 tu ndipo kiwanda cha Freed cha London kilipoanza kutengeneza viatu vya ncha, vile vya kusimamia ncha za vidole, vya rangi ya kahawia kwa kushirikiana na Ballet Black, kundi lilelile la November niliyemtaja juu.

Baada ya waraka, Opera iliagiza ripoti, iliyoandikwa na mwanahistoria Pap Ndiaye na Constance Rivière na kutolewa Februari 2021. Nilipoisoma nilijua mapema itaishia wapi, na kweli iliishia Nanterre. Kundi huchukua wachezaji wake karibu wote shuleni. Shule ikiwa nyeupe leo, kundi litakuwa jeupe miaka kumi ijayo hata mkurugenzi akiwa na nia njema kiasi gani. Ripoti iliitaka shule itoke kwenda kuwatafuta watoto, hata katika visiwa na maeneo ya ng'ambo ya Ufaransa, badala ya kungoja waje wale ambao mama zao walikuwa wachezaji. Kwa hiyo ukitaka kujua kama Opera ina moyo wa kweli, usimtazame Diop. Subiri gwaride la ufunguzi uwatazame wale wa mistari ya mbele, wenye miaka tisa. Mara ya mwisho niliyolitazama niliwaona watoto weusi wachache, nikahesabu, nikaacha kuhesabu kwa sababu niliona aibu kuhesabu watoto.

Mama wa Kilimani

Kaka, asante kwa uzi huu. Mimi niko Nairobi na binti yangu ana miaka tisa. Anasoma baleti mara mbili kwa wiki kwa mwaka wa pili sasa, na juzi amerudi nyumbani akilia akitaka viatu vya ncha kama vya wasichana wakubwa. Mwalimu wake wa sasa amekataa. Mwalimu mwingine ninayemfahamu anasema hakuna tatizo. Nifuate nani?

Mwanzisha uzi

Dada, mfuate aliyekataa, na ukimwona mpe na shukrani zangu.

Kiatu cha ncha si kiatu laini chenye chuma ndani kama wengi wanavyodhani. Ncha yake ni tabaka za kitambaa na karatasi zilizogandishwa kwa gundi, na soli ni ngumu ili kubeba unyayo. Uzito wote wa mwili unashuka kwenye eneo lisilozidi sarafu kubwa chache. Mtoto wa miaka tisa mifupa ya miguu yake haijakomaa, na misuli ya kifundo na ya tumbo bado haiwezi kuuinua uzito huo kutoka kwenye kiatu. Kwa kawaida walimu makini hungoja hadi miaka 11 au 12, na hata hapo huangalia kwanza nguvu na miaka ya mazoezi, wala hawaangalii keki ya siku ya kuzaliwa. Shule zenye sifa duniani hazina haraka hiyo, kwa hiyo anayekuambia hakuna tatizo ana haraka ya nini?

Jambo la pili la kuangalia ni nyonga. Baleti inataka miguu igeuke nje, na mgeuko huo unatoka kwenye nyonga. Mtoto ambaye nyonga yake haigeuki sana hulazimisha nyayo zikae kwa mstari, na mgeuko uliokosekana juu unalipwa na goti. Mtazame binti yako akikunja magoti: goti likiangalia kule vidole vinakoangalia, yuko salama. Likiingia ndani, mwambie mwalimu siku hiyohiyo.

Na usidhani lazima safari yake iishie Paris. Hapo kwenu Dance Centre Kenya, iliyoanzishwa mwaka 2015, imekuwa ikipandisha baleti ya The Nutcracker katika ukumbi wa kitaifa wa maigizo, na Joel Kioko aliyekulia mtaa wa Kuwinda alitoka Nairobi akaenda kusoma katika shule ya English National Ballet, London. Kibera nako watoto wamefundishwa baleti katika darasa la shule ya msingi, madawati yakiwa yamesukumwa ukutani, bila kioo wala mti wa kushikilia. Naweka jambo hilo hapa kwa sababu ya mzee wetu wa Chang'ombe pia: mti wa kushikilia unaweza kukosekana, mwalimu mvumilivu hawezi.

Mama wa Kilimani

Nimekusikia. Nimemwangalia leo jioni akikunja magoti jikoni. Yanaangalia kule vidole vinakoangalia. Viatu tutangoja.

Msomaji wa Bukavu

Swali la mwisho nami niondoke. Nitakuwa Paris mwezi Machi kwa siku nne, mfuko wangu si mkubwa. Ninunue kiti gani?

Mwanzisha uzi

Nunua mapema, na upande wa Palais Garnier badala ya Bastille, jumba la pili la Opera, kwa sababu jengo lenyewe ni nusu ya onyesho na limetangazwa kufungwa kwa ukarabati kuanzia mwaka 2027. Machi mara nyingine watoto wa shule huwa wanakaribia onyesho lao la mwaka, kwa hiyo angalia ratiba kwa makini. Likiangukia siku zako nne, acha vingine vyote.

Kiti cha bei nafuu kitakuwa pembeni, ghorofa za juu, kwenye kibanda chenye viti vya nyuma ambavyo tiketi yake inakuonya waziwazi kuwa hutaona jukwaa lote. Usiogope onyo hilo. Simama, egemea kizuizi cha mbele kama wenye viti wataridhia, na utapoteza theluthi moja ya jukwaa, ile ya upande wako. Lakini utapata kitu ambacho aliyekaa katikati kwa bei ya mshahara wa wiki hakipati: utaona ndani ya mlango wa pembeni. Mchezaji atamaliza mizunguko yake, atatoka mbio akitabasamu, na hatua moja tu baada ya kuupita ukingo wa pazia tabasamu litaanguka, atainama, mikono magotini, mgongo ukipanda na kushuka. Msaidizi atampa taulo. Atahesabu midundo kwa midomo bila sauti, ataupiga unga wa sakafuni wa kuzuia kuteleza kwa ncha ya kiatu mara mbili, atainua kidevu, na kurudi kwenye mwanga.